Tangazo Lenye Muhuri na Editha wa Liuli

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbinga mjini, nilionyeshwa mashine ya chapa na kiti kinachoyumba. Meneja akaniambia, "Umeishia darasa la saba, basi usifikiri sana. Chapa kilichoandikwa." Sikukasirika. Alikuwa mtu mwema, na mimi kweli nilikuwa mwepesi wa kukosea. Shirika letu lilihudumia wakulima wa kahawa huko milimani na wavuvi wa ziwani. Ikaja kompyuta, kompyuta ikaleta tovuti, nami nikaachiwa kuitunza, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilijifunza kwa kuulizauliza. Kila nilipoweka kitu pale watu wote wakione, nilikisoma tena na tena hadi jioni.

Baadaye nilihamishiwa Mbamba Bay, chini ya Katibu, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mkali wa taratibu. Tangazo kwake lilikuwa na njia moja: lichapwe, lisainiwe, ligongwe muhuri, lipigwe picha, ndipo picha iwekwe kwenye tovuti. Huku kwetu tangazo lisilo na muhuri ni porojo. Hata mimi niliona ndivyo.

Ndipo akapiga simu Editha wa Liuli, binti asiyeona, aliyekuwa ameomba nafasi ya kupokea simu ofisini kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia majina ya usaili yametoka. Nimefungua tovuti yenu. Simu inasema 'picha', halafu kimya."

Simu yake ilikuwa na kisoma skrini, yaani programu inayomsomea mtu kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Ila ukipiga picha barua nzima, programu ile huona picha tu.

"Hapo nyumbani hakuna wa kukusomea?"

"Mama hajui kusoma. Jirani anajua, lakini naye ameomba kazi hiyohiyo. Nisomee wewe."

Jina lake lilikuwemo. Aliyeitwa alitakiwa kuthibitisha kabla ya Ijumaa, vinginevyo nafasi yake ya kusailiwa ingepewa mwingine. Lakini Katibu alikuwa amekataza kusomeana majina kwa simu, na hakukosea: ndugu za wafanyakazi walikuwa wakijua mambo mapema, watu wakalalamika. Nikimsomea Editha, ningemjibu nini mwombaji wa kijiji cha Kingerikiti aliyekodi pikipiki kuja kusoma majina kwenye ubao wa ofisi? Au labda nilikuwa mwoga tu. Mpaka leo sijui.

"Nipe hadi kesho, mwanangu."

"Haya, baba. Kesho yenu huwa ndefu."

Nikaenda kwa Katibu nikamwomba tuweke maandishi yenyewe.

"Mzee, unataka tangazo la ofisi likae kama ujumbe wa mchango wa harusi?" akasema. "Mtu alishanakili tangazo letu, akabadili siku, watu wakaja kwenye usaili usiokuwepo. Umesahau?"

"Sijasahau, Katibu. Picha yenye muhuri ibaki. Maandishi yakae juu yake."

"Na ukikosea jina la mtu?"

Hilo ndilo nililoliogopa. "Lawama iwe yangu."

"Lawama haichagui, mzee, itatupata wote." Akachukua karatasi yenye muhuri. "Andika. Nitalinganisha neno kwa neno."

Na alilinganisha kweli, kidole juu ya karatasi, bila kunikimbiza. Lazima niseme hivyo, maana wengi walimsema vibaya.

Tulipomaliza nikasikiliza kwa simu yangu. Sauti ilisoma majina yetu kama mtalii aliyeshuka bandarini sasa hivi. Kumbe kila ukurasa una mstari uliofichwa unaoiambia mashine lugha yake, na wetu ulisema Kiingereza. Nikaubadili, nikihofu tovuti yote itapotea. Haikupotea. Alhamisi Editha alithibitisha.

Siku ya usaili alifika na mama yake, akaingia, akaulizwa kama wengine. Kazi aliipata kijana mwingine. Nilisikiliza nikiwa nje ya mlango, na kwa nilivyoelewa, yule kijana alijibu vizuri zaidi.

Sasa nimestaafu, na wasiwasi haukustaafu pamoja nami. Nyinyi mnaotunza tovuti leo ni wasomi, sina la kuwafundisha, ila nawaomba mfumbe macho na kuzisikiliza kurasa zenu kabla ya kuziachia. Sisemi kwamba kufanya hivyo huleta furaha. Matokeo yalipotoka nilimpigia Editha, nikababaika, nikaanza kumwambia kwamba kwa hali yake alijitahidi sana.

"Baba," akanikatiza, "pole ya upofu nimeshapewa nyingi. Nipe pole ya mtu aliyeshindwa usaili."

Nikampa hiyo.