Vyura Niliowabatiza Katuba

Ashukuriwe Mungu aliyemuumba tembo na asimwonee haya chura, kisha akaniachia mimi miaka ya kutosha kuyacheka makosa yangu.

Harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo mwekundu hunirudisha mtaani Katuba, nikiwa msichana wa miaka tisa, wakati jimbo letu la Katanga limejitenga na nchi, nao watu wazima wanazungumza kwa sauti za chini. Kwenye pembe ya barabara yetu palikuwa na kizuizi cha mapipa na askari mmoja mwenye bunduki. Baba yangu, aliyekuwa mchungaji, alikuwa ameacha kucheka. Mama alipika ndakala, dagaa wetu wakavu, bila kuimba. Vyura peke yao ndio hawakupata habari za siasa. Mvua ikinyesha walitoka katika kila mfereji, wanene, wenye ngozi ya vipele, wakakoroma mpaka mahubiri ya Baba yakamezwa. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini hao wahenga hawakuwahi kuhubiri Katuba mwezi wa Desemba.

Nkambo, bibi yangu aliyetoka Pweto, alinionya mapema. “Weye mutoto, chura iko na maziwa mubaya nyuma ya macho. Usiishike.” Alinisimulia jinsi bata wake alivyommeza mmoja na kufa kabla ya jua kuzama. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikaenda zangu. Baba aliwabatiza watu kwa kuwazamisha mtoni, nami nilipowatazama vyura wamekaa kimya, vichwa juu, koo zikipigapiga, niliona kabisa kwamba ni watu wanaongoja kutubu. Nikachukua beseni la Mama la kufulia na kuanza kazi nyuma ya nyumba. Kila mmoja nilimzamisha, nikampa jina, nikamwachilia akaishi vyema. Kisha nilipojifuta uso kwa mikono ileile, macho yakaniwaka kama nimepakwa pilipili. Mama alilaumu moshi wa makaa, akanihurumia kwa kipande cha muhogo. Niliupokea muhogo ule nikaula wote.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Kapita, kwa sababu alimfuata kila mtu aliyefanya kazi na kumkazia macho mpaka amalize, kama msimamizi wa mgodini. Jumamosi moja alasiri alikuwa akinisimamia mimi. Muumini wangu wa kumi na moja, mkubwa kuliko wote, aliruka kutoka kwenye beseni, na Kapita akamdaka. Mara akamtema, akalia, akaanza kutikisa kichwa. Povu jeupe likamjaa kinywani. Akakimbia akiyumba, akaingia uani, mahali Baba na wazee wa kanisa walipokuwa katika maombi.

“Kichaa! Imbwa iko na kichaa!”

Sijawahi kuona maombi yakifika amina upesi namna ile. Mama mmoja alipanda juu ya pipa la maji. Shemasi Ilunga, mtu mzito ambaye kila Jumapili alituambia watoto tusiogope simba wa Danieli, alijikuta juu ya meza yetu ya chakula, ameinua kitabu cha nyimbo kama ngao. Siwacheki sana. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli na huua, na dawa yake wakati ule kwetu ilikuwa moja tu. Mtu alikuwa ameshakimbia kumwita askari wa kizuizini. Akaja, akamwelekezea Kapita bunduki.

Nilisimama nyuma ya mlango, mikono imelowa. Kaka yangu aliwahi kuchezea kikombe cha meza ya Bwana, akachapwa hata akala bukari, ugali wetu, amesimama kwa siku mbili. Na mimi je, niliyebatiza vyura kumi na mmoja?

“Muchungaji,” askari aliuliza, “nipige ao nisipige?”

Mficha uchi hazai. “Baba, hana kichaa!” nikalia. “Ameluma chura!”

“Chura gani?”

“Ule nilikuwa nabatiza,” nikamjibu Baba.

Nkambo hakungoja theolojia. “Mayi! Mulete mayi! Kinywa ikuwe chini, mayi itoke inje, isiende kwa tumbo!” Askari akaweka bunduki chini, akamshika Kapita miguu. Nkambo akafunga kitambaa mkononi, akamfuta ufizi na ulimi huku mimi nikimimina ndoo baada ya ndoo pembeni mwa kinywa chake. Baba alinitazama muda wote.

“Huyu aliyelumwa,” akasema hatimaye, “ulimupa jina gani?”

Niliangalia miguu yangu. “Shemasi Ilunga.”

Askari ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mabega ya Baba yakatikisika, na kicheko ambacho hatukukisikia tangu vizuizi viwekwe kikamtoka mpaka machozi. Shemasi, bado yuko juu ya meza, alifikiri kidogo. “Kumbe miye niko muchungu,” akasema. “Asante Mungu.”

Kapita alitapika, akatetemeka, akalala. Alfajiri alikula bukari baridi. Mimi nilipata viboko vitatu, na Mama akalianika juani lile beseni kwa wiki nzima kabla ya kufulia ndani yake tena.

Leo mifereji ya Katuba imejaa plastiki, na pikipiki hukoroma kuliko vyura, ambao sasa ni wachache. Wajukuu wangu wana simu zinazojua kila mnyama kwa jina lake. Hata hivyo mjukuu akikosea huniangalia kama nilivyomwangalia Baba, akipima ukweli utamgharimu kiasi gani, nami naogopa kwamba mara nyingi tuna haraka mno hata hatumngojei amalize kupima. Bunduki ya askari ilikuwa uani kwake, na bado Baba alipata nafasi ya kuuliza, “Chura gani?”

Wewe unayesoma, Bwana akupe wa kukusikiliza kabla mambo hayajaharibika, maji safi yasikose nyumbani mwako, na kicheko kikukute hata katika mwaka mgumu. Amina.