Makopo Matatu Yasiyo na Majina

"Safari hii usichague zawadi kama fundi," mke wake alimwambia siku ya Alhamisi, miguu akiwa ameinyoosha juu ya stuli kama daktari alivyoagiza. "Chagua kama mtu."

Fundi mizani, ambaye mtaa mzima ulimwita Ratili, alipuliza chai yake. Alikuwa amesimama, kikombe mkononi, akizunguka meza. Kukaa kulimshinda tangu utotoni. Chai aliinywa akitembea, gazeti alilisoma mlangoni, na siku ya harusi yake wazee walilazimika kumshika koti ili picha itoke. Sasa mke alikuwa na mimba ya miezi saba, ameambiwa asipande ngazi wala asiinue ndoo, na Ratili alikuwa amezunguka hiyo meza mpaka zulia limeanza kuisha upande mmoja.

Kazi yake ilimfaa mtu wa namna hiyo. Alizunguka mjini na kisanduku cha mawe ya mizani, kila jiwe katika shimo lake, akiingia mabuchani, maghalani na kwenye maduka ya nafaka. Akifika anaweka juu ya mizani jiwe la kilo moja analolijua. Mizani ikisema kilo, wanaagana. Ikisema vingine, anaifungua tumbo hapohapo mbele ya wateja. Wauza nyama walimkaribisha kwa bashasha kubwa na kumwombea safari njema mapema iwezekanavyo.

Kosa lililomsumbua alilifanya mwaka uliopita, na kosa lenyewe lilikuwa zawadi. Mama mkwe wake alikuwa mpishi wa bweni la shule: miaka thelathini, wanafunzi mia nne, sufuria ambazo mtu angeweza kuogea. Mama huyo alikipenda chakula kweli, si kwa mdomo tu. Alizungumza habari za vyakula kama wengine wanavyozungumza habari za ndugu. Kulikuwa na kitunguu alichokikumbuka kwa miaka sita, na kulikuwa na nyama fulani iliyomkosea adabu na hajaisamehe hadi leo. Sasa mtu kama huyu unampa nini? Ratili alimpa mizani ndogo ya jikoni, nzuri, aliyoirekebisha mwenyewe mpaka inapima punje ya chumvi. Akamkabidhi mbele ya watu na kusema, "Ili mama usiwe unakisia."

Mama mkwe aliitazama ile mizani kwa muda mrefu, rangi ikambadilika. "Mkono huu umelisha shule nzima," alisema, "na hakuna aliyewahi kuukagua." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwao.

Haya yangeweza kupita, maana mama mkwe na mkwe kununiana si habari ya kuandikwa gazetini. Lakini sasa mke alimtaka mama yake. Alitaka aje akae nao mpaka mtoto azaliwe na baada ya hapo pia. Kila akipiga simu, mama alijibu, "Nitaona." Mwezi mzima wa nitaona. Juzi mke alikata simu akageukia ukuta na kulia, na Ratili akajua kwa hakika kabisa kwamba ile mizani ndiyo iliyomliza. Jumapili hii watoto walikuwa wakutane kwa mama kumpongeza, kwa kuwa alikuwa ameacha kazi, miaka miwili kabla ya wakati wake, akisingizia magoti. Mkono mtupu haulambwi. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya Ratili, na alijua hakuna nyingine kabla mtoto hajafika.

Basi Jumamosi akatoka asubuhi na mapema kutafuta zawadi. Saa tatu alikuwa ameshanunua sufuria nzito yenye mfuniko wa kioo. Saa tatu na nusu aliirudisha, kwa sababu alikumbuka kwamba mama mkwe alikuwa na sufuria kumi na moja, tena zina historia. Akashika aproni yenye maua. Akaiachia kama imemchoma, maana kumpa aproni mtu aliyestaafu upishi ni kumwambia arudi kazini. Kitabu cha mapishi? Huyo si ndiye atakayeuliza nani kamwambia hajui? Akafikiria kumpeleka hotelini akale bila kuinua mwiko. Akamwona pale hotelini, amekunja uso, anamwita mpishi atoke nje ajieleze. Akaivuka barabara mara nne bila sababu. Askari wa barabarani akamuuliza kama amepoteza kitu.

Saa sita, shati limelowa, alijikuta kwa muuza viungo, mama mmoja mnene aliyekaa katikati ya magunia na kinu kama hakimu.

"Unamtafutia nani?" mama akamuuliza.

"Mama mkwe. Anapenda sana chakula."

"Anapenda kula, au anapenda kulisha?"

Ratili alisimama tuli, jambo ambalo mwili wake haukulizoea. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Vyote," alisema. "Na anajua. Akipita jikoni kwa watu anajua walichopika juzi."

"Basi mtu kama huyo hapewi chombo. Mpe cha kunusa." Muuza viungo akaanza kumnusisha. Akamtwangia iliki kinuni. Akamchotea manjano mapya. Mwishowe akachukua kokwa la kungumanga na kulikwangua kwenye kibati chenye matundu, unga wa kahawia ukishuka polepole. Ratili aliinama juu yake akavuta pumzi, akajisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kila kimoja kikatiwa kwenye kopo lake dogo la bati.

"Niandike majina?" muuza viungo aliuliza, kalamu mkononi.

Hapo ndipo fundi wetu alipopata wazo, na alilifurahia mno, masikini. "Usiandike," alisema. "Yeye hahitaji karatasi. Pua yake itasoma." Aliona jambo zima mbele ya macho yake: mama mkwe anafungua, ananusa, anataja, watu wanapiga makofi. Mwaka jana alimwambia kwamba anakisia. Mwaka huu atamwambia mbele ya walewale kwamba anajua kuliko wote. Njia nzima alitembea upesi upesi, akifungua makopo na kuyafunga.

Jumapili sebule ya mama mkwe ilikuwa imejaa, ingawa watu walikuwa watano tu. Mama alikuwa amepika mwenyewe. Nani angethubutu kumpikia? Kaka mkubwa wa mke, dereva wa lori la saruji, alitoa blanketi. Mke wa kaka alitoa kandambili laini. Mama alishukuru kwa sauti kubwa na kucheka, lakini Ratili alimwona akitazama mlango wa jikoni kila mara, kama mtu aliyeacha kitu motoni na hana uhakika.

"Shikamoo mama," Ratili alisema, akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. "Sikuandika majina. Wewe huyahitaji."

"Marahaba." Mama akayapanga makopo mapajani. Akalifungua la kwanza, akalitazama. "Manjano." Watu wakacheka, hilo lilijulikana hata kutoka barabarani. La pili aliliinamia, akachukua unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akaokota kijipande cha ganda. "Iliki." Makofi. Mke wa Ratili alimtazama mumewe kwa jicho ambalo hakuwa amelipata tangu mwaka jana.

La tatu mama alilinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, kifua kikipanda. Kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyebishiwa, "Mdalasini. Tena wa kwanza."

Makofi tena. Ratili naye alipiga, mara mbili, halafu mikono ikasita. Alikuwa ameliona lile kokwa likikwanguliwa. Kungumanga na mdalasini hata mtoto mwenye mafua anazitenganisha. Alimtazama mama, na alichokiona kilikuwa kile anachokiona kazini kila siku: mizani mbovu haisitisiti. Hiyo ndiyo inayotulia upesi kuliko zote na kukupa jibu kwa ujasiri.

"Hebu nami ninuse," kaka akasema, akanyoosha mkono.

Ratili hakufikiri. Aliruka, akaigonga stuli, akalinyakua kopo na kubana kifuniko mpaka vidole vikauma. "Harufu inapotea, shemeji! Haya mambo hayafunguliwi ovyo."

"Ah! Kunusa tu?"

"Yananuswa mara moja. Muuzaji kasema."

Kaka akabaki na mkono hewani, akamuuliza dada yake kama mumewe ameanza kuvuta kitu. Wote wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama Ratili, kisha lile kopo, akainuka taratibu.

"Njoo unisaidie kuteremsha sufuria," alisema.

Jikoni alifunga mlango. Sufuria ilikuwa inatokota taratibu na haikuhitaji kuteremshwa. Mama akaegemea meza.

"Ilikuwa nini?"

Ratili alitamani kutembea, lakini jiko lilikuwa dogo. "Kungumanga, mama."

Mama akatikisa kichwa kama anayekubali bei. "Ile homa ya mwaka jana," alisema. "Nilipona, pua haikupona. Nilisema itarudi. Ulimi nao ukaifuata, naweka kitu mdomoni ni kama natafuna karatasi. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Daktari mzima, miaka yote ya kusoma, anasema huenda."

"Na kazi? Si magoti?"

"Magoti yangu yana nini? Maharage ya wanafunzi mia nne yaliungua nimeyasimamia. Mbele ya pua yangu, mwanangu. Mlinzi wa geti ndiye aliyekuja kuniambia kunanuka. Wiki ileile niliandika barua."

Aibu ilimshika Ratili mpaka shingoni. "Kumbe nilipokuletea ile mizani..."

"Nilijua umenigundua. Nilisema, huyu kazi yake ni kukamata waongo, keshanikamata, na sasa ananitangaza mbele ya watu."

"Wallahi sikujua, mama. Niliipenda tu mimi mwenyewe, nikadhani na wewe utaipenda."

Mama alimwangalia, akaona ni kweli, na kidogo kicheko kimtoke. Hakikutoka. Alijifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Mtoto wangu kila siku ananipigia, mama njoo. Nije nifanye nini? Mzazi anataka mchuzi wa moto, anataka uji. Nimuunguzie? Gesi ivuje usiku kucha na mimi nimelala pembeni yake, sisikii harufu? Nikae kwenye kiti kama mgeni wakati mwanangu analishwa na jirani? Bora anione nina roho mbaya."

Sebuleni mtu aliuliza kwa sauti kama leo wanakula au wanafunga.

Mama akageuka ghafla, akachota mchuzi kwa kijiko, akampelekea mdomoni kama mtoto. "Onja."

Ratili akaonja. Alikuwa amekula kwa mama huyu mara nyingi tangu ile homa, kabla hawajagombana, na baada ya hapo kwenye shughuli za ukoo, na kila mara alisema tamu, mama, tamu sana, kama wote walivyosema. Na kila mara walimaliza majagi matatu ya maji. Walijua wote. Walikuwa wakimstahi, na yeye miezi yote hiyo akipima uso wa kila mtu mezani asipate jibu.

"Chumvi imezidi," alisema.

Mama hakusogea. "Sana?"

"Sana, mama. Hauliki."

Alidhani atampiga na mwiko. Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, akavuta kiti na kuketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Watoto niliowazaa mwenyewe," alisema. "Hakuna hata mmoja." Kisha akainuka. Akamenya viazi viwili, akavitupia ndani, akaongeza maji na nyanya, akakoroga kwa mkono uleule uliolisha shule. Akachota. "Sasa?"

"Bado kidogo."

Kiazi cha tatu. Maji. "Sasa?"

Ratili alionja polepole. Alikuwa amesimama palepale, na miguu ilikuwa imetulia. Nyanya ilikuwepo, kitunguu kilikuwepo, mafuta hayakuzidi. Mkono haukuwa umesahau chochote.

"Hapo, mama. Sasa iko sawa."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi."

Mama akazima jiko, akainama kutazama kama moto umezimika kweli, akakagua swichi mara mbili. Mlangoni mke wa Ratili alikuwa amesimama, mkono kiunoni, ametoka kwenye kiti alichokatazwa kutoka, akimtazama huyu na kumtazama yule.

"Mna nini huku?"

Mama alikuwa anafuta mikono, kidole kwa kidole, macho kwa mkwe wake.

"Kwako mnakula saa ngapi jioni?" aliuliza.

"Saa moja, mama."

"Basi kuanzia kesho uwe umefika saa kumi na mbili na nusu. Sipakui kabla hujaonja."