Ua Lenye Ndevu

Baada ya vita, nilipokuwa na miaka kumi na minane, nilitoroka kijijini kwetu Nyakakika nisiolewe na mzee ambaye baba alikuwa amekwisha kumkubalia posa. Sista mzungu wa misheni alinipokea kwa sharti moja: nimtunzie bustani. Nikishindwa, nirudi kwetu.

Kipenzi chake kilikuwa ua refu la kunifika kifuani, lenye majani kama mapanga, na kwenye petali za chini mstari wa nywele za manjano. Alikuwa na mashina kumi na mawili, yaliyotoka kwao ndani ya kopo la biskuti. Mpishi, mama wa Kihaya mwenye ulimi wake, hakuchoka kunicheka: eti nimekimbia ndevu za mzee, nimekuja kulea ndevu za maua.

Mvua zilipoanza, Sista akaenda Bukoba kutibiwa. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza aliniagiza, "Mizizi, funika kidogo." Basi nikafunika. Kwetu migomba isiyotandaziwa nyasi ni aibu ya mwenye shamba, nami sikutaka apate cha kunilaumu. Nilitia samadi, nikashindilia nyasi hadi tunguu, ile mizizi minene yenye umbo la tangawizi, zikapotea kabisa.

Wiki ya tatu majani yakaanza kulala. Nilifukua tunguu moja; ikabonyea kidoleni, ikanuka kama yai viza. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Tangu siku hiyo kila mwanamume aliyetokea njia ya Nyakakika nilidhani ni baba.

Sista aliporudi, nilimwamkia nikiwa nimeshafunga kifurushi changu. Hata chai hakunywa, akaenda moja kwa moja bustanini. Akainua nyasi. Kisha akaomba kisu, akakata palipooza. Kila tunguu ikabaki kipande kigumu cha ukubwa wa kidole gumba, akavipanga vyote juu ya udongo, migongo ikiota jua.

"Kidogo," akasema, akinionyesha ukucha wake. "Kidogo hivi. Kosa langu."

Nikamwuliza niondoke leo au kesho. Hakunielewa, mpaka alipokiona kifurushi.

"Ukienda," akasema, "nani atakumbuka kufunika kidogo?"

Kifurushi nilikifungua siku vile vipande vilipotoa jani la kwanza. Kabla ya hapo sikuthubutu.