Winchi Namba Tatu

Kengele ya winchi namba tatu ililia mara mbili, kavu, kama mtu anayegonga sufuria tupu. Nikiukumbuka mji wetu wa Sheffield, Uingereza, wakati wa vita, naisikia hiyo kwanza. Aliyeibonyeza kwa mguu alikuwa shangazi yangu, Winifred Staniforth. Alikaa kwenye kijumba cha kioo chini ya paa la kiwanda cha chuma, akipitisha vipande vya chuma cha moto juu ya vichwa vya wanaume. Mimi nilimimina chai kantini.

Kabla ya vita alisugua ngazi za nyumba za watu. Wanaume walipochukuliwa jeshini akapanda kule juu, na kwa miaka mitano hakutamani kushuka. Lakini karatasi aliyotia sahihi ilisema: mpaka vita viishe. Februari ya 1946 msimamizi, Bwana Bagshaw, akamleta Horace Oxley, mwendesha winchi wa zamani.

"Winnie, kipenzi, una wiki moja umkumbushe kazi. Halafu ukampikie mumeo."

"Mume wangu yuko chini ya bahari, Bwana Bagshaw."

"Basi tafuta mwingine. Wamerudi wengi."

Wanaume wakacheka. Oxley hakucheka. Wajapani walimshika mateka miaka mitatu na nusu, na mikono yake ilitetemeka hata akishika kikombe.

"Akishindwa watanibakiza," shangazi aliniambia, akitafuna mkate wake uliopakwa mafuta ya nyama. "Na atashindwa, utaona."

Hakushindwa. Kila aliposhika zile nyenzo za kuendeshea winchi mikono ilitulia, na kufikia Alhamisi alikuwa anashusha mzigo polepole kama anayelaza mtoto.

Ilibaki habari ya taulo. Chini, aliyefunga minyororo na kumwongoza mwendesha winchi kwa ishara alikuwa mzee Seth Crookes. Ishara ya kusimamisha ni mkono kuinuliwa juu. Mkono wa kulia wa Seth haukuweza kuinuka kupita bega tangu vita vya kwanza, na wa kushoto ulikuwa ukishika mzigo. Kwa hiyo yeye na shangazi walikuwa na yao: Seth akivuta taulo la jasho shingoni, simama. Mtu mwingine angedhani mzee anajifuta.

"Umemwambia Oxley?" nilimwuliza shangazi Alhamisi jioni.

"Hajaniuliza."

Ijumaa asubuhi Seth naye akauliza. "Winnie, mwenzako anajua mambo ya taulo?"

"Anajua, Seth. Nimemwambia."

Saa nne, Oxley akiwa peke yake kule juu, mzigo uliyumba. Seth akavuta taulo. Oxley akamwona mzee anajifuta jasho, akaendelea, na chuma kikambana Seth ukutani, kuanzia magotini kwenda chini.

Oxley alishuka ngazi akiwa amepauka. "Hukuniambia," alimwambia shangazi mbele ya wote.

Bwana Bagshaw aliitazama mikono ya Oxley, iliyokuwa imeanza tena kutetemeka. "Mwanaume mzima unamsingizia mjane? Kachukue koti lako. Winnie, panda umalizie zamu."

Akapanda. Alifanya kazi safi mpaka jioni. Jumatatu akakuta mwanaume mwingine amekaa kwenye kiti chake, na karatasi zake za kuachishwa kazi zikimngoja mlangoni.

Jumapili iliyofuata tulikwenda hospitali. Blanketi la Seth lilikuwa limelala bapa toka magotini.

"Oxley alikuja jana," alisema. "Akalia hapohapo ulipokaa. Anaapa kwamba hakuambiwa. Nikamtukana, nikamfukuza. Sasa usiku silali, nawaza labda nimemwonea. Niambie mwenyewe, binti yangu, nitulie. Ulimwambia?"

Shangazi aliinama akanyoosha blanketi pale ambapo miguu ingekuwa. Mimi niliyekaa ubavuni mwake nilisikia kwa shida.

"Nilimwambia."