Daftari la Afande

Mimi ni Mkenya niliyehamia Jinja, na mdomo wangu hauna breki. Ndio uliomshawishi mwalimu mkuu wa shule moja ya Mbale, mama wa Kiislamu asiyependa maneno mengi, aniruhusu kufuta programu zao za kunakili kinyemela, zilizojaa virusi, na kuweka Linux, mfumo wa bure, kwenye kompyuta zote.

"Hii haizimiki ovyo, madam," nilijipiga kifua. "Na kila kinachotokea inakiandika yenyewe."

"Haya," akasema. "Ikizimika kabla ya muhula kwisha, utarudisha zile za zamani, kisha urudi kwenu."

Sikuwa na wasiwasi. Kompyuta zote za darasani zilitegemea mashine moja, iliyofungiwa kwenye stoo karibu na geti, nami niliihudumia kwa mtandao nikiwa Jinja na chai yangu mkononi. Fundi mzuri haonekani, nilimwambia hilo pia.

Asubuhi moja nilitakiwa Buwenge kutengeneza printa ya watu. Kwenye laptopu nilikuwa nimefungua madirisha mawili meusi ya kuandikia amri, moja la laptopu yenyewe, moja la mashine ya Mbale, yamefanana kama chapati mbili. Nikaandika amri ya kuzima laptopu, nikabonyeza. Laptopu ikabaki inanitazama.

Nilikuwa nimeizima ya Mbale. Ile mashine ikishazimwa, mtandao hauiamshi. Lazima mtu abonyeze kitufe kwa kidole, na kidole changu kilikuwa Jinja. Huko Mbale wanafunzi walikuwa katikati ya jaribio.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mlinzi wa geti, mwanajeshi mstaafu. Nikampigia.

"Afande, fungua stoo, bonyeza kitufe cha ile mashine."

"Nani natoa order?"

"Mimi, fundi wa Jinja."

"Sababu? Mimi naandika kwa kitabu kwanza."

"Andika umeme umepotea."

"Umeme iko. Redio yangu naimba."

Kweli, hata mimi niliisikia. Nikambembeleza, nikamwita bwana, nikamwita mzee. Hakusogea. Nikaona bora nikubali yaishe.

"Nimeizima mimi, afande. Nimekosea."

"Kosa ya mkono ama kosa ya kichwa?"

"Ya kichwa."

Akaandika kwanza. Kisha nikasikia mlango wa stoo.

"Nimefinya. Taa ya kijani imewaka. Sasa wewe pumzika."

Sikupumzika. Mwalimu mkuu alipiga papo hapo kuuliza kompyuta zimepatwa na nini. Nilijua mashine imeshaandika kila kitu, ila nilijua pia kwamba shule nzima hakuna anayeweza kuisoma. Nikamwambia ni umeme.

"Haya," akasema. Hiyo haya yake sikuipenda hata kidogo.

Ijumaa akaniita Mbale. Nilimkuta ofisini na daftari la afande mezani, limefunguliwa. Akanisomea polepole, bila kurekebisha neno.

"Saa nne na dakika kumi. Fundi ya Jinja amezima mashine yetu na kichwa yake. Anataka mimi naandika umeme. Umeme iko. Saa nne na robo mimi nimewasha."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilipenda ile kazi, na nilikuwa nimeitia mchanga mwenyewe. Nikainuka nikachukua begi langu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu, madam."

"Keti. Mashine haikuzimika, ilizimwa. Ningeweza, ningekubadilisha wewe nikabaki nayo, lakini anayeijua ni wewe peke yako." Akafunga daftari. "Kuanzia leo hugusi kitu kabla ya kumwomba afande ruhusa."

Muhula umekwisha, na mwingine baada yake, na mashine bado ipo. Mimi pia bado nipo. Kila nikitaka kuzima kitu chochote, hata laptopu yangu nikalale, nampigia.

"Afande, naomba kuzima."

Naye, bila kupunguza redio, huuliza: "Ya kwako ama ya kwetu?"

Na kila mara, kabla ya kumjibu, naangalia tena.