Programu Iliyofundishwa Kunyamaza

Mwaka wa saba wa ndoa yangu niliomba ruhusa ya kusoma kompyuta, kama mtoto anavyoomba kwenda kucheza. Nina miaka thelathini na minne, na bado niliomba. Mume wangu hufanya kazi Nairobi, huja mwisho wa mwezi. Mimi naishi Mamboleo, Kisumu, kwa mama mkwe, ambaye hata nikienda kuchota maji huuliza mbona nimekawia. Huniita nyar Seme, binti wa Seme, kwa kuwa hakuna mtoto wa kuniitia jina lake. Alinikubalia kwa sharti kwamba saa kumi iwe imenikuta nyumbani.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Kondele. Mwalimu alisema mwisho wa kozi kila mmoja wetu ataonyesha programu ya kugeuza tarakimu kuwa maneno: unaandika 47, inajibu arobaini na saba. Atakayefaulu vizuri ataajiriwa kufundisha darasa linalofuata, kila siku, asubuhi hadi jioni. Wenzangu walitaka mshahara. Mimi nilitaka hiyo "kila siku".

Miezi miwili nilipigana nayo. Maelfu kwanza, kisha mamia, makumi na mamoja. Nilipoandika 305 ilinijibu "mia tatu na sifuri na tano", kama mlevi. Nikaipa amri: ukikuta sifuri, nyamaza. Ikatii. Nikajaribu moja, kumi, mia nne na sita, hadi elfu tisa na ushei. Zote zikatoka sawa, nikajiona bingwa.

Siku ya kuonyesha kazi tuliambiwa tuje na mtu wa nyumbani. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Mwalimu wetu ni mtu wa Murang'a. Amekaa Kisumu muda wa kutosha kupenda omena, dagaa wetu wa ziwani, lakini si wa kutosha kujua mambo yasiyoulizwa. Zamu yangu ilipofika, aliunganisha kompyuta yangu na projekta iliyomulika ukutani, kisha akawageukia akina mama.

"Hebu kila mama aseme ana watoto wangapi, tuone kama mashine itaweza."

Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaitia mabaya. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, nyithindo ok kwan. Watoto sisi hatuhesabu. Wako tu, wanatosha."

Wanatosha. Miaka saba jibu hilo ndilo lililonisitiri. Wageni wakiuliza habari za watoto wangu, yeye husema hivyo hivyo, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Nilimshukuru kwa sitara hiyo, na bado nilikuwa nimeichoka.

Mwalimu akacheka, akanigeukia. "Basi wewe ndiwe msomi. Wako ni wangapi?"

Ningeweza kuandika namba yoyote. Hasira ilinipanda, sijui hata nilimkasirikia nani. Niliandika 0 nikabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Kioo kilibaki kitupu, na mtu mmoja nyuma akasema, "Imehang hiyo." Haikuwa imekwama. Ilifanya nilichoifundisha. Miezi miwili nilijaribu namba za kila aina isipokuwa hiyo moja, na si kwa kusahau. Niliogopa kuiandika hata nikiwa peke yangu.

"Nakupa dakika tano," mwalimu akasema.

Juu ya amri zote niliongeza nyingine: namba nzima ikiwa ni sifuri, itaje. Nikabonyeza tena, na neno likatokea ukutani kwa herufi kubwa. Nililisoma kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo wenzangu wote walivyofanya.

"Sifuri."

Mwalimu alisema kazi ni yangu, nianze kesho. Watu walipiga makofi, mama mkwe hakupiga. Tulitembea hadi stejini kungoja matatu, na hapo ndipo aliposema, macho yake barabarani.

"Nyar Seme, mimi nilikuwa nimekunyamazia. Miaka saba. Sasa umehesabu mwenyewe, mbele ya watu. Na mimi nitaambia mtoto wangu aoe mwingine."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

"Mwambie, Mama," nilimjibu.

Kisha nililia pale pale stejini, watu wa boda boda wakinitazama, na asubuhi yake nikaenda kazini.