Mbuzi wa Msiba wa Mama

Wasifu wa mama yangu uliosomwa kanisani ulikuwa kurasa mbili, na nusu yake vyeo. Kiongozi wa umoja wa wanawake, mzee wa kanisa vipindi vitatu, mwanakwaya mpaka magoti yalipogoma kusimama. Yote kweli, sikatai. Lakini aliyeuandika alikuwa akimwona Jumapili. Mimi nililelewa jikoni kwake, na anayetaka kuijua dini ya mama yangu aanzie jikoni.

Tulikaa Mikindani. Baba alikuwa na kazi bandarini Mtwara, mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wote watu wa bara walioletwa na kazi wakasahau kurudi. Mtaani petu nyumba ya Wakristo ilikuwa moja tu, yetu. Tulipakana ukuta na mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki wa kuuza, mdogo kwa mama kwa miaka michache. Sisi watoto tulimwita mama mdogo, na hadi leo sijui kumwita vingine. Mumewe ndiye aliyekuwa mchinjaji wetu. Kuku au mbuzi, hakuna aliyeingia kwenye sufuria ya mama bila kupita kwanza mkononi mwa mzee yule, kwa sababu Krismasi na Pasaka tulipeleka sahani kwa majirani, na majirani zetu hawali nyama asiyoichinja Mwislamu. Idi ikifika sahani zilezile zinarudi na pilau lao au visheti. Sahani hairudi tupu. Hayo hatukufundishwa, tuliyakuta.

Krismasi moja, nikiwa darasa la tatu, yule mzee alikuwa amekwenda Mahurunga kufuata mchele. Baba hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Akachinja kuku mwenyewe mama akiwa ibadani, wala hakusema. Mama akarudi, akapika, akapakua, akanitwisha sinia. Nimeshafika mlangoni kwa mama mdogo nikasikia mtu anakuja mbio nyuma yangu. Ni mama, na kitenge chake cha umoja, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilibaki wapi. Kumbe baba alikuwa amejisifia mezani alivyowamaliza wale kuku upesi.

Nilidhani atanipokonya sinia turudi kimyakimya. Wapi! Aliingia nalo ndani, akakaa mkekani, akaeleza mwanzo mpaka mwisho, na mimi nimesimama pale natamani ardhi inimeze. Mama mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema shemeji yake yule iko siku atakunywa chai na majani yake. Kuku wakarudi nyumbani, tukawala siku tatu mfululizo.

Njiani nilimuuliza mama kwa nini hakunyamaza tu, maana wasingejua. Hakunikaripia.

"Wao hawaniulizi nyama imechinjwa na nani," alisema. "Wanakula kwa kuniamini. Nikiichezea imani yao, kanisani nakwenda kufanya nini?"

Mama amefariki mwaka huu, mikorosho ikiwa inachanua. Baba alimtangulia zamani. Siku ya maziko nilikabidhiwa jiko, na mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya nyumba. Nikauliza mchinjaji yuko wapi, nikaambiwa yule mzee yuko makaburini na wanaume wa mtaa, wanachimba kaburi la mama, nimsubiri atarudi. Nilikuwa nimechoka, nimekasirikia dunia nzima. Watu walitakiwa kula mchana, kabla ya kwenda kanisani. Nikamwambia mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amefika kutoka Dodoma, achinje tu, maji yameshachemka. Akachinja wote wawili.

Nilikuja kuzinduka nyama iko jikoni inatokota. Chini ya turubai wanawake wa mtaa walikuwa wanachambua mchele, mama mdogo katikati yao, macho yamevimba kwa kulia. Mimi, binti wa mwanamke yule, msibani kwake, nawapikia kibudu majirani zake!

Mdogo wangu aliniambia ninyamaze. Hakuwa na nia mbaya. Alisema watu wana njaa, msiba si mahali pa kuanzisha aibu, na nani atajua, siri ya mtungi aijuaye kata. Nitasema ukweli: nililifikiria. Nilikoroga sufuria nzima nikiwa nalifikiria, na lilikuwa wazo tamu. Kisha nikakiona kile kiatu kimoja.

Nikaenda mkekani, nikapiga magoti mbele ya mama mdogo. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie.

"Mama mdogo, nyama ile msile. Hakuchinja mzee. Nimeamuru mimi, kwa haraka zangu, na nilijua ninachofanya."

Nyungo zikasimama. Nilisubiri waondoke, na wangeondoka nisingewalaumu. Mama mdogo alinitazama sana, halafu akawageukia wenzake.

"Damu ya baba yake hiyo," alisema.

Mmoja akaangua kicheko, na wengine nao, wanacheka huku wanalia. Mama mdogo akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwake kuwasha moto. Haikupita saa, samaki walikuwa wanaingia kutoka kila mlango, na maharage ya nazi, na sufuria zao wenyewe. Mbuzi wakaliwa na wageni wa bara. Wanawake wa umoja wa kanisa walionja vyote viwili na kuzidi kusifia samaki, jambo ambalo mama angelifurahia kuliko kurasa mbili za wasifu.

Mimi sikula. Tangu mama akate roho chakula kilikuwa hakipiti kooni. Tuliporudi kutoka makaburini mama mdogo alinifuata chumbani na sahani iliyofunikwa kawa. Nilipofunua nilikuta wali na samaki wa nazi, na pembezoni mwa sahani maua mekundu niliyoyajua. Sahani ya mama.

"Aliniletea Pasaka," alisema. "Idi ikafika yeye yuko hospitali, nikasema namsubiri atoke. Sahani yake haijarudi tupu hata siku moja, mwanangu, na leo hairudi tupu. Kula."

Nilikula nikilia, mpaka punje ya mwisho, naye amekaa pembeni ananihesabia matonge. Sahani nimeiosha, iko kabatini kwangu. Krismasi hii itakwenda kwa mama mdogo, nitaibeba mwenyewe, na mzee nimeshamwomba aje kuchinja. Nimemwambia hata akichelewa, nitamsubiri.